Mgongoni mwa Kitabu cha Hesabu: Shajara ya Karani wa Ghala, Misri, Karne ya 16 KK

Mwaka wa 11, msimu wa Shemu, mwezi wa 2

Mji wa Iunu umetekwa. Shemeji kafika usiku na punda wake, na habari kaitoa baada ya kunywa maji. Watu wa Kusini waliingia, wapiga mishale wa Medjay wakiwa mbele. Nguzo ya Senusret, anasema, ingali imesimama. Akauliza kama huku kwetu kuna anayewangoja. Nikamjibu kwamba wanaowangoja ni wengi, ila hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema.

Naandika mgongoni mwa kitabu cha hesabu, maana mafunjo safi huchukuliwa na ofisi ya Hut-waret, mji wa wageni wanaotutawala. Upande wa mbele ulinakiliwa na mwandishi Ahmose, mwaka wa 33 wa mfalme Apepi. Ahmose ndilo jina la mkuu wa Kusini pia, kwa hiyo mgeni akibisha hodi hukikunja jina likabaki ndani. Mwaka ninaouandika ni wa bwana wa Hut-waret. Kuandika mwaka wa mfalme mwingine ni kujipeleka mwenyewe kwa mnyongaji.

Mwaka wa 11, Shemu, mwezi wa 4

Mtoza ushuru wa Hut-waret amekuja kwa gari la farasi, kanzu yake nyeupe pe. Ghala letu ni la mviringo: kipenyo dhiraa 9, kimo 10. Kitabu kinaelekeza: punguza sehemu ya tisa ya kipenyo, zinabaki 8, nane mara nane ni 64, mara kimo, 640, ongeza nusu yake, unapata magunia 960. Ngazi ina vumbi na bwana hakutaka kupanda. Akaniuliza kimo. Nikasema 9.

Akaandika 864. Magunia 96 yamebaki kijijini, na hakuna aliyerusha mshale.

Mwaka wa 11, siku ya kuzaliwa Sutekh

Radi, katika msimu usio na radi! Askari wa ngome wakashangilia: mungu wao kanena.

Mwaka wa 11, siku ya kuzaliwa Isis

Mvua imenyesha. Mama kaketi mlangoni, hataki kuingia. "Mwanangu, jana kanguruma Sutekh, leo analia Isis. Mjane mwenye mtoto wa kiume hachezewi." Sikumuuliza anamsema Isis au Ahhotep wa Thebes, ambaye mumewe Seqenenre alimwachia mtoto mdogo. Mtoto huyo sasa ndiye aliyeichukua Iunu.

Mwaka wa 11, msimu wa Akhet, mwezi wa 1, siku ya 25

Tumesikia leo: siku ya 23 mkuu wa Kusini ameivunja ngome ya Tjaru.

Mimi nilidhani angeikimbilia Hut-waret moja kwa moja. Kamose, mkuu wa Kusini kabla yake, alifanya hivyo. Akafika hadi chini ya kuta zake, akarudi Thebes na mateka na majigambo ya kuchonga kwenye mawe. Hut-waret ikabaki pale pale. Huyu ameipita, kaenda kufunga mlango wa mashariki, njia ya Kanaani, ambako mabwana hawa wangeletewa msaada au wangekimbilia. Hiyo ni akili ya mtu anayejua hesabu.

Askari wa ngome yetu hawakushangilia kitu. Wawili wameonekana wakiuza ngao zao sokoni.

Akhet, mwezi wa 2, siku ya 9

Mashua za Kusini zimefunga gati asubuhi. Wanawake wamepiga vigelegele hadi sauti zikakauka. Mama aliwatangulia wote.

Alasiri kaja mtunza chakula wa jeshi, kijana mwenye lafudhi ya Thebes. Kaniita "ndugu yangu". Kasema wanaelekea Hut-waret, kuzingira kutachukua muda, na watu lazima wale. Nikamkabidhi hesabu ya 864. Akaisoma, akacheka, akavua ndala, akapanda ngazi mwenyewe na kamba ya kupimia.

Ameandika 960. Kesho wanapakia yote. Nimemwambia kwamba yale 96 ni chakula cha kijiji hadi mavuno. Kanijibu kwa upole sana kwamba niandike barua Thebes.

Mafunjo ya barua sina.