Maziwa Chini ya Kifuniko cha Mafuta

Huko Macalder, katika Nyatike, mgodi mkubwa wa shaba na dhahabu ulifungwa mwaka 1966, walakini mawe hayakuacha kubebwa. Wachimbaji wadogo huyatoa mashimoni, na malori huyachukua mpaka kwenye mashine za kusagia. Asubuhi moja ya masika dereva wa lori mojawapo alifungua kifuniko cha mafuta ya injini, akaona chini yake utando mweupe, mzito kama maziwa yaliyoganda.

Madereva wa nchi za baridi, kama Limuru, huuona utando huo mara nyingi pasipo hasara. Gari likienda safari fupi fupi injini haipati moto wa kutosha, na mvuke hugeuka maji chini ya kifuniko. Lakini katika joto la kando ya Ziwa Viktoria udhuru huo ni mwembamba. Tena alipochomoa kijiti cha kupimia mafuta, nacho kilikuwa cheupe. Akadondosha tone juu ya bati lililopashwa moto, likatatarika kama chumvi motoni. Mafuta matupu hutoa moshi tu.

Tajiri wa lori alitaka mawe yafike siku ile ile. "Endesha, kijana wangu, tutatazama jioni." Dereva akakataa kwa adabu, ingawa alijua kwamba akataaye safari hurithiwa usukani upesi. Mafuta yaliyochanganyika na maji hayalindi chuma, na beringi za krenki zikiliwa, si gharama ya filta tena, ni ya injini nzima.

Fundi aliyeitwa, mzee mwenye sifa, alinena mara moja kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua, hedi ishushwe. Tajiri akatuma mtu dukani. "Mzee wangu," dereva akasema, "kwanza tutazame rejeta." Injini ilikuwa baridi, basi wakafungua bila hofu (kuifungua ingali ya moto ni kutafuta malengelenge). Maji yalikuwa yamejaa vilevile kama juzi.

Basi yale ya ndani yametoka wapi? Ndipo turniboi alipokumbuka kijito kilichofurika, ambamo lori lilikwama jana yake saa nzima. Fundi akaingia uvunguni, akalegeza nati ya difu. Mafuta yakatoka meupe! Na difu haina bomba hata moja litokalo kwenye rejeta. Difu yenye moto ikizama majini hupoa ghafula, hewa yake hunywea, nayo hufyonza maji kwa tundu la kupumulia; injini nayo iliingiwa kutoka nje. Lau difu ingalikuwa safi na rejeta imepungua, mzee angalikuwa na haki, na hedi ingalishuka.

Lori lilikuwa limelala bila kuwashwa, na maji ni mazito kuliko mafuta. Nati ya sampu ilipofunguliwa yakatangulia maji, kama kikombe kimoja, kisha mafuta meupe. Wakatia mafuta rahisi, wakawasha kidogo, wakayamwaga. Ikafuata filta mpya na mafuta mazuri, na difu na giaboksi zikabadilishiwa pia. Siku nne rejeta haikupungua, na kijiti kikatoka na rangi ya asali. Gasketi ikarudishwa dukani.

Hata lori lilipofika tena kijitoni, dereva alisimama, turniboi akatangulia majini na fimbo.