Soketi ya Plagi

Rumeti wangu amevumilia mengi tangu turudi kutoka field, lakini juzi usiku uzalendo ulimshinda. Alivua hedifoni, akanitazama pale kitandani nilipokaa na gitaa la kwaya ya chuo, akauliza, "Oya, huyo paka unamtibu au unamuua?"

Sikumlaumu. Kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto nilikuwa nimevaa soketi ya plagi, ile ya mafundi pikipiki, naitelezesha juu ya nyuzi kutafuta sauti ambayo nimewahi kuisikia ikitoka sawasawa mara moja tu. Na siyo mimi niliyeitoa. Naomba nieleze, maana bloku nzima sasa inaniita Fundi.

Kwetu ni Nyahanga, Kahama. Ukitaja Kahama watu wanawaza dhahabu, na hawajakosea: Buzwagi ilikuwa hapo jirani, Bulyanhulu iko upande wa Kakola, na maduara ya wachimbaji wadogo usiseme. Mjomba wangu, mdogo wake mama, hakuwahi kuajiriwa na mgodi mkubwa. Mchana alifanya kazi mwaloni, jioni na Jumapili alipiga gitaa la solo kwenye kwaya. Alijifunza kwa kanda za Mbaraka Mwinshehe, ambaye alifariki 1979 Mjomba akiwa hajazaliwa, lakini pale nyumbani alitajwa kama jirani aliyehama juzi.

Nikiwa kidato cha pili, karasha ilimvuta mkono wa kushoto. Mwalo gani, hilo tuliache. Vidole havikukatwa, na watu wakasema afadhali. Lakini kile cha shahada na cha kati vilipona vikiwa vimenyooka kama vijiti, havikunjiki mpaka leo. Kwa mpiga gitaa hivyo ndivyo vidole vinavyobeba karibu kodi zote. Mjomba akaacha mwalo, akafungua kijiwe cha kutengeneza bodaboda mbele ya nyumba, na kijana wa kumsaidia kushika vitu. Gitaa likatundikwa ukutani sebuleni. Kwaya ikanunua kinanda kinachopiga ngoma, besi na kila kitu chenyewe. (Mimi vinanda vya hivyo sivipendi, ila hayo ni mengine.)

Jambo moja lilikuwa linanishangaza. Kila Jumamosi jioni Mjomba alilishusha lile gitaa, akalifuta vumbi, akalituni. Kutuni hakudai vidole vya kushoto vinavyokunjika, kunadai sikio tu na mkono wa kuzungusha funguo. E, A, D, G, B, E. Akimaliza anapitisha dole gumba mara moja kutoka juu hadi chini, anasikiliza mpaka sauti ife, anarudisha gitaa ukutani. Karibu miaka saba, na hakuna aliyekuwa analipiga.

Mwaka huu nilipangiwa field kwenye sekondari moja ya Kahama, nikafikia kwake. Siku ya pili nikaliomba gitaa. Akasema, "Chukua tu, mjomba. Ila nyuzi zangu usizilegeze." Nikadhani ni suala la hela, kwamba nyuzi kuukuu zikikatika itabidi kuagiza seti Mwanza. Nikasema sawa.

Hapo ndipo tatizo lilipoanza, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaingiwa na tamaa ya slaidi. Kwa asiyeijua: badala ya kukandamiza uzi kwenye freti, vile vyuma vya shingoni, unateleza juu yake na kitu kigumu, mfano shingo ya chupa au kipande cha bomba. Sauti haipandi tena kwa ngazi, inapanda kama mtu anayelia. Wahawaii ndio waliotangulia kuivumisha mwishoni mwa karne ya 19, santuri zikaisambaza hadi huku Afrika. Majirani zetu wa Malawi na Zambia wanaiita hauyani, yaani jina la Hawaii lilivyotua kwenye ndimi zao, na Daniel Kachamba wa Malawi alikuwa fundi wake hasa. Wala masikio yetu sisi Waswahili si mageni na mtelezo. Udi na fidla za taarabu hazina freti.

Sasa, karibu kila video ya mafunzo inaanza na neno lilelile: legeza. Ukishusha uzi wa sita kutoka E kwenda D, wa tano kutoka A kwenda G, na wa kwanza kutoka E kwenda D, nyuzi zote sita zinakuwa kodi moja ya G. Ukiweka chuma popote ukakwangua, unapata kodi. Kwenye tuni ya kawaida ukikwangua zote sita unapata ugomvi wa mtu na mkewe.

Nilikaa na hilo siku tatu, nikisahihisha madaftari ya fomu tuu huku nalitazama gitaa kwa hasira. Halafu nikaona. Nyuzi zinazolegezwa ni tatu tu. Zile za katikati, wa nne, wa tatu na wa pili, hazijaguswa! D, G, B, hiyo tayari ni G, imekaa pale kwenye kila gitaa duniani. Nenda nayo freti ya tano ni C, freti ya saba ni D, na wewe uliyewahi kuimba kwaya unajua nyimbo ngapi zinaishi kwenye hizo tatu. Kisha ukimwacha D ukachukua G, B na E ya chini kabisa, umepata E maina bila kusogeza mkono. Ni kweli hutakiwi kugusa nyuzi zote kwa pamoja, lazima uchague. Lakini kodi zako za zamani zote unabaki nazo. Earl Hooker wa Chicago, aliyefariki 1970 kwa kifua kikuu, alikuwa anapiga hivihivi kwenye tuni ya kawaida, na kichuma kifupi kidoleni ili vidole vingine viendelee kushika kodi. Sisi wa ualimu tunaimbishwa "kutoka kinachojulikana kwenda kisichojulikana" hadi tunasinzia darasani. Mimi nimekuja kuielewa hapo.

Kuelewa na kupiga ni vitu viwili. Nilianza na shingo ya chupa ya soda niliyoikata vibaya, ikanichana. Mjomba aliona damu, hakusema kitu, akaenda kwenye boksi lake la spana, akarudi na soketi ya plagi. "Kioo kitakumaliza. Jaribu hii." Ndani tukazungushia kipande cha tyubu ya baiskeli isicheze.

Makosa yangu yalikuwa haya. Nilikandamiza, na chuma kikagonga freti. Nikalegeza mno, uzi ukazizima kama nzi kwenye kopo. Nikasimamisha chuma nyuma ya freti, pale kidole kinapokaa siku zote, kumbe slaidi inataka usimame juu ya freti yenyewe, sawia. Gitaa la kawaida linakusamehe, freti inakurekebishia. Hapa hakuna wa kukurekebishia.

Isipokuwa Mjomba. Nikiwa kibarazani napiga, yeye kijiweni amelala chini ya pikipiki ya mtu, nasikia sauti: "Bado haijafika!" Naongeza kidogo. "Sasa umeipita!" Wateja wakawa wanacheka. Wiki tatu nikaishi hivyo, mchana mimi mwalimu wa watu, jioni mwanafunzi wa miguu miwili inayochungulia chini ya Boxer.

Kosa moja lilikataa kuondoka. Chuma kinapopita juu ya uzi, upande wa nyuma yake nao unavuma, ndiyo huyo paka wa rumeti wangu. Dawa yake ni kulaza vidole vingine nyuma ya chuma, wepesi, vimenyooka, vitulize uzi. Vyangu vilikuwa vinajikunja vyenyewe. Miaka ya kushika kodi imevizoesha kukunja.

Jioni moja umeme ulikatika, kijiwe kikafungwa mapema. Mjomba akaja kibarazani ananawa mikono kwa sabuni ya unga. Akanisikiliza nikiharibu mara mbili. Akasema, "Lete."

Nikampa. Alikaa na lile gitaa mapajani muda mrefu kidogo bila kufanya kitu. Akavaa soketi kidole cha mwisho. Mkono ulipofika shingoni, vile vidole viwili vya karasha vililala juu ya nyuzi nyuma ya chuma, vyenyewe, kwa sababu havijui kukaa namna nyingine. Akateleza uzi wa pili hadi freti ya nane, polepole.

Ilitoka safi, bila mvumo wowote nyuma. G moja tu, kama mtu anaita kutoka ng'ambo ya mbuga.

Alirudia. Kisha akaongeza wa tatu na wa nne, akashuka freti ya tano, ikaja C, akapanda saba. Mikono yake ilizijua zile namba, kwa sababu nyuzi zilikuwa palepale alipoziacha. Mkewe akauliza kutoka ndani, "Redio ya nani hiyo inayopiga umeme umekatika?" Hatukumjibu. Mimi nilikuwa naangalia barabarani, sikutaka Mjomba anione uso.

Alipiga kama dakika tano, akavua soketi, akanirudishia gitaa. "Kesho nina injini ya mtu," akasema, akaingia ndani.

Hatukulizungumza tena. Siku ya kuondoka nililirudisha gitaa ukutani, na soketi nikaiweka juu ya kabati la vyombo, wazi, mahali ambapo haiwezekani mtu asiione. Yangu hii nimenunua hapa mjini.

Wiki iliyopita nimepata meseji yake. Mjomba si mtu wa meseji, huwa anabipu. Ameandika: "Habari za masomo. Uzi wa kwanza umekatika. Huko wanauzaje?"

Boom bado halijatoka. Nimekopa kwa rumeti, na nimemwambia ni za nini. Amenipa, halafu akavaa tena hedifoni zake.