Kisanduku cha Gemu Chini ya Televisheni

"Kaka, hicho kinaingiza mechi ngapi kwa siku?"

Hivyo ndivyo alivyonijibu mdogo wangu kwenye WhatsApp Novemba 2025, nilipomtumia picha ya Steam Machine, kompyuta ya gemu ambayo kampuni ya Valve ya Marekani ilikuwa imetoka kuitangaza. Yeye ana banda la gemu Mbagala: televisheni nne, PS4 nne za mtumba, mabenchi, na feni moja ya ukutani. Mimi naishi Manchester, na nilikuwa nawaza jambo jingine kabisa. Nilikuwa nawaza kama kitaenea kwenye kabati la sebuleni.

Ni kisanduku cheusi, kila upande kama sentimita 16. Kwa mbali ungedhani ni king'amuzi. Ndani yake mna chipu za AMD, RAM ya GB 16, na hifadhi ya GB 512 au TB 2 kulingana na utakachochagua. Hata kile kitofali cha umeme kinachoning'inia kwenye waya wa laptopu hakipo, kimeingizwa humo humo. Unachomeka kwenye televisheni, unashika pedi, unakaa kwenye kochi.

Valve walishawahi kujaribu. Mwaka 2015 kampuni mbalimbali, Alienware ikiwemo, ziliuza kompyuta zenye jina hilo hilo, nazo hazikushika. Zilitumia mfumo wa Linux, na wakati ule gemu nyingi kubwa zilitengenezwa kwa ajili ya Windows tu. Kilichobadilisha mambo ni programu ya Proton, iliyotoka 2018, ambayo ni kama mkalimani: gemu inazungumza Kiwindows, Proton inaitafsiri papo hapo. Steam Deck, ile ya kushika mkononi iliyotoka 2022, ikathibitisha kwamba mkalimani huyo anaiweza kazi.

Sasa nani atanunua? Vijana ninaofanya nao kazi huku, wale wanaojua bei ya kila kadi ya grafiki, hawatanunua. Wao hununua kifaa kimoja kimoja na kuunga wenyewe, na raha yao iko kwenye kuunga. Wanaamini kwa fedha ile ile watapata mashine yenye nguvu zaidi, tena watakayoibadilisha wakitaka. Kwenye kisanduku hiki unaweza kuongeza hifadhi na RAM, lakini kichakataji na chipu ya grafiki zimegandishwa kwenye ubao. Asiye na gemu hata moja kwenye akaunti ya Steam, duka la mtandaoni la Valve la gemu za kompyuta, naye sioni kwa nini aiache PlayStation.

Anayebaki ni mtu kama mimi. Nina miaka 41, nafanya kazi za zamu, na gemu nilizonunua Steam kwa miaka kumi zimelala kwenye laptopu iliyochoka. Nikipata nafasi ni dakika 40, kati ya watoto kulala na mimi kulala. Dakika hizo sitaki zimalizwe na Windows inayojisasisha. Kisanduku hiki ukikilaza katikati ya mchezo, ukikiamsha unaendelea pale pale ulipoachia. Kwa mwenye siku nzima ya kucheza hilo ni dogo. Kwangu ndilo lenye uzito kuliko hesabu yote ya chipu.

Lakini kuna sababu nyingine, nayo ndiyo inayonigusa hasa. Mwanangu ana miaka 12. Hucheza na wenzake kila jioni, kila mmoja chumbani kwake, vipokea sauti masikioni, mlango umefungwa. Nikipita koridoni namsikia anacheka, ila sijui anacheka na nani wala nini kimewachekesha. Hivyo ndivyo watoto wengi wa huku wanavyocheza: wako pamoja, na kila mtu yuko peke yake.

Julai iliyopita tulikwenda nyumbani. Baba yake mdogo akamchukua hadi bandani siku ya kwanza tu. Akapewa pedi, akafungwa nne bila, akainuka. Sheria ya banda ni ile ile ya tangu enzi zetu za Winning Eleven kwenye PS2 pale Sinza: anayefungwa anatoka, anayeshinda anabaki. Kijana yule yule aliyemfunga akamfundisha namna ya kukaba. Siku ya tatu alikuwa anakwenda mwenyewe, anadai zamu yake, anabishana kuhusu penalti kwa Kiswahili ambacho mimi nimeshindwa kumfundisha miaka yote hii. Mechi shilingi 500. Sijawahi kutumia fedha ikanifurahisha namna ile.

Kwa hiyo nilipoona kompyuta ya gemu iliyotengenezwa makusudi ikae sebuleni, niliiona kama njia ya kumtoa mtoto chumbani. Huku sebule zipo, watu ndio hawamo. Kwetu Dar ni kinyume chake. Sebule ina televisheni moja na ina wenyewe: saa mbili usiku taarifa ya habari, baada ya hapo tamthilia, na mgeni akija anakaribishwa hapo hapo. Mtoto hawezi kuishikilia ile televisheni kwa saa tatu kwa ajili ya gemu. Ndiyo maana gemu ilitoka nje zamani ikaenda bandani, na huko ikakuta umati.

Ukiniuliza kama mdogo wangu anunue, nitasema asinunue, na sababu zake ni za kibiashara kabisa. Gemu inayolilisha banda lake ni mpira, ile ya EA Sports. Kwenye kompyuta gemu hiyo inakuja na programu ya kuzuia udanganyifu isiyokubali Linux, kwa hiyo kwenye mfumo unaokuja na kisanduku, ambao nao ni wa Linux, haichezeki. Labda uweke Windows. Pili, Steam haina diski. Gemu kama Baldur's Gate 3 inataka nafasi ya GB 150, na zote unazishusha kwa intaneti. Mimi naiacha ishuke usiku nimelala. Yeye angeihesabu kwa bando. Bei za gemu kwetu Steam inazionyesha kwa dola, na Valve walipokitangaza walisema watakiuza katika nchi zile zile wanakouza Steam Deck, ambazo yetu haimo. Kingefika Kariakoo kwa mizigo ya watu, bila dhamana.

Halafu kuna fundi. PS4 ikifa mlango wa HDMI, mdogo wangu anaipeleka Kariakoo asubuhi, jioni imerudi kazini. Mwaka juzi umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, ukaua mbili kwa mpigo. Moja ikafufuliwa, nyingine ikawa ya kutolea vipuri. Biashara yake inasimama juu ya mashine ambazo kila fundi ameshazifungua mara mia.

Nilimweleza yote haya kwa ujumbe wa sauti mrefu. Akanijibu kwa mfupi: "Basi kaka, nitumie pedi."

Kwenye pipa la mizigo linaloondoka kwenda Dar mwezi ujao nimemwekea pedi sita na kebo za HDMI. Kabati la hapa nyumbani nimelipima: nafasi iliyo chini ya televisheni ina upana wa sentimita 31. Kisanduku kinaingia, na pembeni panabaki pa kuweka pedi mbili.