Uandishi wa Mabango Korogwe na Handeni: Kutoka Brashi hadi Fleksi

Uandishi wa mabango katika wilaya za Korogwe na Handeni, ambao hadi mwanzoni mwa karne hii ulikuwa kazi ya brashi na rangi ya mafuta, umebadilika ndani ya kizazi kimoja tu. Chapa yenyewe haikuwa ngeni mkoani Tanga, kwani misheni ya Kianglikana ya UMCA ilitoa gazeti la Habari za Mwezi huko Magila, upande wa Muheza, tangu miaka ya 1890. Lakini chapa ilibaki kwenye karatasi, na barabarani ukatawala mkono.

Fundi, ambaye kwa kawaida alianza kwa kumshikia mwenzake kopo la rangi, alivuta uzi uliopakwa chaki, akaupiga ubaoni uache mistari miwili, kisha akayapima maneno kuanzia katikati ili “Ofisi ya Mtendaji wa Kijiji” isibanane mwishoni. Herufi O aliivusha mistari hiyo kidogo, juu na chini, kwa kuwa duara lenye kimo sawasawa na H huonekana dogo machoni. Taipografia, yaani elimu ya umbo na mpangilio wa herufi, hulifundisha jambo hilo darasani, naye alilijua kwa kutazama.

Kampuni za simu ziliipa kazi hiyo mavuno makubwa, ingawa ziliufunga mkono wa fundi. Ukuta wa duka uliopakwa rangi za Celtel baada ya 2001 ulirudiwa kampuni ilipobadili jina, kwa Zain mwaka 2008 na kwa Airtel mwaka 2010, na kila mara alama ilinakiliwa kama ilivyoagizwa.

Ndipo ikaja fleksi, plastiki laini inayochapwa kwa wino kutoka kwenye kompyuta, ambayo ni rahisi kukunjwa na kusafirishwa kwa basi, na ambayo hubeba hata picha ya ng’ombe, jambo ambalo muuza dawa za mifugo wa Handeni hawezi kulaumiwa kwa kulipenda. Hasara iko kwenye herufi: mchapaji asiyefunzwa huivuta fonti, yaani seti ya herufi za umbo moja, ijaze upana wa bango, nayo mistari ya wima hunenepa huku ya mlalo ikibaki myembamba. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ingali inafundisha uandishi wa mabango pamoja na upakaji rangi, na brashi haijakosa kazi kwenye kuta za shule na milango ya malori, ambako uzito wa gari huandikwa mahali ambapo fleksi ingechanwa na upepo.