Nilipona, lakini pumzi haikurudi yote

Huu ni ushuhuda wangu wa pili. Wa kwanza niliutoa kanisani hapa Kolwezi mwaka 2018, nikiwa na karatasi ya kituo cha afya mkononi iliyosema nimepona kifua kikuu. Watu walipiga vigelegele. Sikudanganya siku ile, ila nilisema nusu, maana nusu ya pili sikuwa naijua.

Mwaka 2014, watu walipoanza kuchimba kobalti chini ya nyumba zao kule Kasulo, nilikuwa miongoni mwa walioshuka. Tulishuka kwa kamba, bila hata kitambaa puani, tukagonga mwamba mpaka mate yakawa na rangi ya udongo. Tukipanda juu tunavuta sigara. Mwamba ule una madini ya silika. Vumbi lake laini huingia mpaka mwisho wa pafu na kulidhoofisha, na kifua kikuu hupata njia. Mimi nilichofuatilia ni bei ya mzigo kule sokoni Musompo.

Kikaja kikohozi, jasho la usiku, suruali ikawa haikai kiunoni. Makohozi yakapimwa, vidudu vikaonekana. Dawa zilikuwa za bure. Nilimeza miezi sita: miwili ya kwanza dawa nne kwa pamoja, minne iliyofuata dawa mbili. Mke wangu alisimama mbele yangu kila asubuhi na kikombe cha maji mpaka nimeze. Mwenzangu tuliyeshuka naye shimo moja alizikwa mwaka uleule niliotibiwa. Hakuwa na dhambi kunizidi. Mpaka leo sijui kwa nini nilibaki mimi.

Kiangazi kilichofuata ule ushuhuda, malori ya madini yakitimua vumbi, pumzi ilianza kunikimbia. Kilima kidogo tu nasimama mara kwa mara. Kwaya ikiimba, sifiki mwisho wa mstari. Kikohozi kikarudi, na makohozi mengi asubuhi. Nikaogopa, na nilichoogopa zaidi ni watu: watasema alitushuhudia uongo. Nikahamia benchi la nyuma, karibu na mlango, ili nikohoe nje. Ndugu mmoja akasema nimetupiwa kitu. Mwingine akatenga sahani yangu. Nilinunua dawa za kikohozi kwa siri na kumlaumu Mungu kwamba amenipa uzima kisha akaudai tena.

Siku nilipotema makohozi yenye damu, mke wangu hakuniuliza tena. Alinipeleka hospitali. Wakapima makohozi: hakuna vidudu. Wakapiga picha ya kifua, na mama muuguzi akaketi karibu nami.

“Papa, ugonjwa uliisha kweli. Lakini ulipopita umeacha makovu, na mirija ya hewa imepanuka, inatunza makohozi. Wewe ni mchimbaji. Uliona wapi shimo lililoporomoka likafunguka lenyewe mvua ikikatika?”

Nililia. Miaka yote ile nilidhani ni imani yangu iliyokatika, kumbe ni pafu. Wala si aibu ya mtu mmoja: mwaka 2019 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Stellenbosch, Afrika Kusini, kuzungumzia tu mapafu ya waliokwisha kupona kifua kikuu.

Muuguzi yule alinifundisha kuvuta hewa taratibu kwa pua na kuitoa kwa midomo iliyobanwa, kulala ubavu asubuhi ili makohozi yatoke, kutembea kila siku kwa kadiri ya nguvu. Sigara niliacha, kwa shida sana, nikianguka na kuanza upya. Mbabula, jiko letu la makaa, sasa inawashwa nje. Sishuki tena shimoni. Nauza uniti za simu, na fedha yake ni ndogo, sitaficha. Mapafu hayajarudi kama zamani, na nimeambiwa hayatarudi. Lakini nimerudi kwenye kwaya. Pumzi ikiniishia, wenzangu wanamalizia mstari.

Wewe uliyemaliza dawa na bado unahema, usijifiche kama mimi. Rudi hospitali, na jambo la kwanza useme kwamba uliwahi kutibiwa kifua kikuu, kwa sababu mashine ya kupima inaweza kukuta mabaki ya vidudu vilivyokufa ukaanzishiwa dawa usizozihitaji. Omba makohozi yachunguzwe vizuri na kifua kipigwe picha. Ukitema damu, nenda siku hiyohiyo.