Tunamcheka Nani?

Jioni moja hapa Kisangani tulikaa na majirani mbele ya televisheni. Katika mchezo baba mmoja alijifunga kitambaa kiunoni, akatwanga sombe. Sote tukacheka sana. Ndipo mtoto wetu akasema: "Lakini Baba, nawe waosha vyombo Mama akichelewa sokoni." Tukanyamaza. Kweli twaosha, lakini kwa kufunga mlango.

Michezo ya namna hii hubadilika pamoja na nyumba za watu. Huko Marekani, katika I Love Lucy (1951–1957), kichekesho kilikuwa mke asiyetaka kukaa nyumbani tu. Mwaka 1984 ikaanza The Cosby Show: mama ni mwanasheria, baba ni daktari, na wote wawili hulea watoto. Jirani zetu wa Kenya nao walimwona Mama Kayai wa Vitimbi akimjibu Mzee Ojwang' bila woga.

Hata kwetu sheria imebadilika. Ile ya jamaa ya mwaka 1987 ilimdai mke ruhusa ya mumewe ili afanye mapatano ya kisheria. Mwaka 2016 sharti hilo likaondolewa. Mwaka huo huo Baba Mtakatifu Fransisko aliandika katika Amoris Laetitia kwamba kazi za nyumbani hazimpunguzii mume uanaume wake.

Basi tucheke, kwani kicheko si dhambi. Ila tuangalie tunamcheka nani. Sisi tangu jioni ile twaosha vyombo uani, majirani wakitazama.