Ukuta wa Mawe

Msomaji, televisheni ilipoanza Kenya mwaka 1962 ilikuwa sanduku zito la kukaa mezani. Ya leo ni nyembamba, hutaka ukuta. Chumba changu cha Kawangware kina kuta tatu za mabati na mmoja wa mawe. Wa mawe ndio uwezao kuibeba, lakini hapo ndipo binti yangu husomea. Nilikuwa nimekwisha toboa tundu la kwanza aliponiuliza kwa adabu, "Baba, mimi nitahamia wapi?" Mwalimu mzima nilikosa jibu. Nikaiweka keekee chini. Televisheni sasa yakaa juu ya kabati, nami huitazama shingo upande. Tundu lingali wazi juu ya vitabu vyake. Ukitaka kujua nyumba yathamini nini, tazama ni nani apishwaye.